Jiwe Kwanza, Mtu Baadaye

Reli ilipofika Kambove, katika Katanga ya Kongo, mwaka 1913, hapakuwa na mji wa kuipokea. Palikuwa na kilima chenye shaba, mashimo ya kale yaliyochimbwa na wenyeji, kambi ya watafuta madini, na miombo pande zote. Mahali pengi duniani watu hutangulia na stesheni ikawafuata: soko linakua, barabara zinajaa, halafu wakubwa wanakaa kikao na kuamua kuwa pale pawekwe treni. Kambove mambo yalikwenda kinyume. Aliyesubiriwa na treni alikuwa jiwe la kijani, na mtu alipewa nafasi iliyobaki baada ya jiwe kupakiwa. Ninavyoiona historia ya usafiri wa nchi hii ya Kambove na mji jirani wa Likasi, utaratibu huo haujabadilika mpaka leo.

Tuanze kabla ya reli, maana shaba ilikuwa ikisafiri hata wakati huo. Wahunzi wa Katanga walichimba wakati wa kiangazi, mashimo yakiwa makavu, wakayeyusha mawe katika tanuri za udongo wa kichuguu, kwa makaa ya mti na mivukuto ya ngozi. Shaba iliyoyeyuka walikuwa wakiimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha: mtu alilipia mahari nayo, akanunulia chumvi na nguo. Habari za utajiri huo zilifika mbali. Msiri, aliyetawala kutoka Bunkeya, si mbali sana kaskazini ya Kambove, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa shaba kutoka Usumbwa, katika Tanzania ya sasa. Misafara yake ilielekea bahari zote mbili, ya mashariki na ya magharibi, ikipeleka pembe, shaba na watumwa, na kurudi na bunduki na nguo.

Mpagazi hubeba kama frasila mbili. Tani moja ya shaba ilihitaji basi wapagazi wapatao thelathini, na kila mmoja wao anakula njiani, anaugua, anatoroka au anakufa. Kwa mzigo wa pembe hesabu hiyo ililipa, kwa sababu pembe ni ghali na si nyingi. Kwa shaba haikulipa hata kidogo. Msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, uliondoka pwani ya Bagamoyo mwaka 1891 na wapagazi wengi kutoka Zanzibar, na Desemba 20 mwaka huo Msiri akauawa katika mji wake. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Mbelgiji, Jules Cornet, alipita akiyachunguza mawe. Leopold sasa alikuwa na nchi na alijua kilichomo chini yake. Njia ya kukitoa ndiyo aliyoikosa.

Njia ilitoka kusini, na waliokuja nayo walikuwa Waingereza. Robert Williams, Mskoti aliyekuwa karibu na Cecil Rhodes, alianzisha kampuni ya Tanganyika Concessions mwaka 1899 na kupata haki ya kutafuta madini Katanga. Msafara wake wa utafutaji aliuongoza George Grey, ndugu wa Edward Grey aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Grey alifika kwenye mashimo ya zamani, Kambove miongoni mwayo, akasafisha vichaka, akachimba mifereji ya majaribio, akachukua sampuli. Mwaka 1911 alijeruhiwa na simba Kenya na akafa. Kwa vitabu vya kikoloni yeye ndiye aliyeigundua Kambove. Mashimo aliyoyakuta yakisubiri yalikuwa yamechimbwa kwa jembe na kwa mikono, na yalikuwa na kina cha kutosha kumfundisha pa kuanzia.

Mwaka 1906 Leopold aliunda makampuni mawili ambayo yangeshika uchumi wa Katanga kwa miaka 60: Union Minière du Haut-Katanga kwa ajili ya migodi, na BCK kwa ajili ya reli. Shabaha ya BCK ilikuwa kuitoa shaba kwa kupita ndani ya Kongo tu, bila kutegemea bandari za Waingereza na Wareno. Lakini Waingereza walikuwa wameshafika mlangoni. Reli yao kutoka Cape Town, kupitia Victoria Falls, iligusa mpaka karibu na Sakania mwishoni mwa 1909. Mwaka 1910 ikaingia Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na mwaka uliofuata tanuri la kule likatoa shaba yake ya kwanza. Miaka miwili baadaye reli ikapanda mpaka Kambove.

Upana wa reli hiyo, milimita 1,067, ni ule wa Afrika Kusini. Ndiyo maana hata leo behewa la Katanga linaweza kupita Zambia na kuendelea juu ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa upana huo huo, hadi Dar es Salaam, lakini haliwezi kukanyaga reli ya kati ya zamani iliyojengwa na Wajerumani kwa upana wa mita moja. Kipimo kilichochaguliwa Cape Town katika karne ya 19 bado kinaamua mzigo wa Kambove uende wapi.

Kutoka Kambove reli iliendelea hadi Bukama, kwenye mto Lualaba, ilikofika mwaka 1918. Mwaka 1928 kipande cha kilomita 1,123 kikaiunganisha Bukama na Port-Francqui, leo Ilebo, na Mfalme Albert akaja kukizindua. Kuanzia hapo Wabelgiji walikuwa na njia waliyojivunia kuiita ya taifa: treni hadi Ilebo, meli katika mito Kasai na Kongo hadi Léopoldville, kisha treni tena hadi Matadi. Mzigo ulipakiwa na kupakuliwa mara kadhaa kabla ya kuiona bahari. Mwaka 1931 ikafunguliwa njia fupi zaidi, kutoka Tenke kwenda magharibi hadi Dilolo na kuvuka Angola mpaka bandari ya Lobito. Mwaka huo huo Likasi ilipewa jina jipya, Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa Société Générale ya Ubelgiji na Union Minière. Jadot alikuwa mhandisi wa reli tangu ujana, na kabla ya Katanga ndiye aliyeongoza ujenzi wa reli ya Beijing hadi Hankou nchini China. Jina lake lilidumu mpaka 1966.

Na watu je? Nao walikuja na reli hiyo hiyo, kwa mahitaji ya jiwe. Mwanzoni vibarua wengi waliandikishwa kusini, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Baadaye Union Minière iligeukia Kasai na Lomami, na reli ya Bukama hadi Ilebo ilipopita katikati ya nchi ya Wakasai, uandikishaji ulikuwa mwepesi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake. Badala ya kumchukua mwanamume peke yake na kumrudisha kwao baada ya miezi michache, ilimtaka aje na mke, azae kambini, watoto wasome shule ya misheni, familia ipokee posho ya unga na mafuta, na mwana arithi kazi ya baba. Haya hayakutoka katika huruma. Kila mtu aliyekufa au aliyekimbia ilibidi atafutwe mwingine, na nauli yake ilipwe tena.

Hivyo katika Kambove, na katika Panda na Shituru za Likasi, kilizaliwa kizazi ambacho hakikuijua Kasai ila kwa masimulizi. Lugha yao ya mtaani ilikuwa Kiswahili cha Katanga, chenye Kifaransa ndani yake, ambacho mtu wa Lamu angekisikia na kutabasamu. Gare, kama inavyoitwa huku, ilikuwa mahali wazazi wao waliposhukia. Kwao wenyewe ilikuwa mahali pa kumpokea mgeni, kutuma kifurushi, kuuza ndizi na karanga dirishani. Mabehewa ya abiria yalikuwepo, yenye madaraja yaliyofuata rangi ya ngozi kama kila kitu kingine katika koloni.

Mwaka 1952 hapa pakatokea jambo ambalo wapenda reli wa Ulaya wanalijua kuliko sisi. BCK iliweka umeme katika kipande cha Jadotville hadi Tenke, na haikutumia mfumo uliozoeleka wakati huo. Reli nyingi za umeme zilikuwa na mitambo yake maalumu ya kugeuza umeme, kila baada ya kilomita chache. Katanga walichukua umeme wa kawaida wa hezi 50, ule ule unaoendesha kiwanda na kuwasha taa ya jikoni, wakaupandisha hadi zaidi ya volti 20,000 na kuupeleka moja kwa moja katika waya uliotundikwa juu ya reli. Mkono ulio juu ya kichwa cha treni uliugusa waya, transfoma ndani ya kichwa ikaushusha, na mota zikazunguka. Ufaransa yenyewe ilikuwa bado katika majaribio. Njia yake kubwa ya kwanza ya aina hiyo, Valenciennes hadi Thionville, ilianza 1954. Wengi wa Tanzania walipanda treni ya umeme kwa mara ya kwanza mwaka 2024, reli mpya ya SGR ilipoanza kwenda Morogoro na Dodoma. Huku Katanga waya ulikuwa umeshatundikwa miaka 72 kabla.

Sababu ilikuwa nishati ya kuendeshea treni. Makaa ya mawe ya Luena, ya humu humu Katanga, yalikuwa duni, mazuri yalitoka Wankie katika Rhodesia, kwa pesa za kigeni, na kuni zilikuwa zikila msitu. Lakini maji yalikuwepo. Maporomoko ya Lufira pale Mwadingusha yalikuwa yamefungwa bwawa na kuanza kutoa umeme tangu 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba, na mitambo mingine ilikuwa ikiongezwa, Lufira na Lualaba. Tangu hapo mto ulioanza kwa kuyeyusha shaba ukawa pia unaivuta.

Mwaka huo huo wa 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimkuta Jadotville kijana wa Bunkeya akipiga gitaa, Jean Bosco Mwenda, akamrekodi. Wimbo wa Masanga ulisikika hadi Nairobi na Cape Town. Wahandisi walikuja kuutazama waya wa BCK, na wapiga gitaa wa Afrika Mashariki wakakaa miaka mingi wakijaribu kuiga vidole vya Mwenda. Ukiniuliza, kati ya bidhaa zote zilizotoka Jadotville mwaka ule, hiyo ya pili ndiyo iliyosafiri kwa heshima.

Jiwe lingine lililopita juu ya reli hizi halikutajwa kwa sauti. Shinkolobwe, mgodi wa jirani karibu na Likasi, ulikuwa na urani tajiri kuliko popote palipojulikana. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, aliagiza zaidi ya tani 1,000 zipelekwe New York, na zikashushwa katika ghala la Staten Island. Ziliondoka kupitia Lobito. Mabomu ya atomiki ya 1945 yalitokana kwa sehemu kubwa na mawe ya Shinkolobwe, na wale walioyapakia hawakuambiwa wanapakia nini.

Vita vya kujitenga kwa Katanga vilionyesha jinsi mji huu unavyoshikiliwa na kamba moja. Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ireland walizingirwa Jadotville kwa siku tano, na kikosi kilichotumwa kuwaokoa kutoka Elisabethville kilishindwa kuvuka daraja la Lufira. Mwanzoni mwa 1963, jeshi la Umoja wa Mataifa liliporudi kwa nguvu zaidi, madaraja yote mawili, la reli na la gari, yalikuwa yameshalipuliwa. Wanajeshi wa India walivuka hata hivyo na kuingia Jadotville Januari 3.

Baada ya hapo majina yalibadilika haraka kuliko mataruma. Union Minière ilitaifishwa na hatimaye ikawa Gécamines. Makampuni ya reli yakaunganishwa mwaka 1974 kuwa SNCZ, ambayo baada ya utawala wa Mobutu ikawa SNCC. Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga njia ya Lobito, na shaba ikarudi kwenye ile njia ndefu ya mito au kuteremka kusini. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines bado ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Treni nazo zilipungua, na mshahara wa mfanyakazi wa reli ukawa jambo la kuulizia kila mwezi. Jina la kitabu alichokitoa mwaka 2001 mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, linawataja wana wa shaba walioachwa na baba yao.

Sasa tufike kwenye gare ya Likasi, mwaka 1992.

Agosti 15 mwaka ule Mkutano Mkuu wa Kitaifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguza Karl-i-Bond wa Katanga. Jimbo la Katanga wakati huo liliitwa Shaba, na gavana wake alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama cha Nguza, UFERI. Mashirika ya haki za binadamu yameandika jinsi hotuba za hadhara na vijana wa chama walivyowageuza Wakasai kuwa adui. Waliitwa bilulu, wadudu. Likasi ililipuka wiki zile zile. Nyumba za Wakasai zilivamiwa na kuchomwa, watu wakauawa, na waliosalia wakakimbilia shuleni na kwenye gare.

Ni rahisi kusema walikimbilia gare ili wapande treni, lakini treni hazikuwepo za kutosha. SNCZ ilikuwa imechoka, vichwa vimekufa, mabehewa machache. Watu walikaa wiki, na wengi wakakaa miezi. Jukwaa la abiria na uwanja wa mizigo vikawa mtaa. Fikiria mambo madogo ya maisha ya namna hiyo: maji yanatoka wapi, choo kiko wapi, mwanamke anajifungulia wapi, maiti inazikwa wapi, mtoto anafundishwa na nani. Mwalimu, fundi wa umeme wa Gécamines, karani, muuguzi, watu waliokuwa na sofa na redio, wanapika uji kati ya reli mbili. Madaktari wa mashirika ya misaada walikuja. Wengi walifia pale pale kwa maradhi na njaa.

Treni ilipopatikana, watu walipakiwa katika mabehewa ya mizigo mpaka yakajaa, na wengine wakapanda juu ya paa. Safari ya kuelekea Mwene-Ditu na Kananga, iliyopaswa kuwa ya siku chache, ilirefuka, treni zikisimama porini kwa kukosa kichwa, na ndani ya mabehewa watu waliendelea kufa. Mwaka 1993 mambo hayo hayo yakarudiwa Kolwezi. Kwa ujumla zaidi ya watu 100,000 waliondolewa Shaba. Wengi wao hawakuwahi kuiona Kasai maishani. Walikuwa wakirudishwa mahali walipochukuliwa babu zao, juu ya reli ile ile, katika mabehewa ya aina ile ile, na uelekeo tu ndio uliokuwa kinyume cha ule wa treni za uandikishaji.

Sijapata kusikia hadithi ya stesheni Afrika ya Mashariki na Kati inayolingana na hii, na nashangaa jinsi inavyotajwa kidogo nje ya Kongo. Kwa miezi mingi gare ya Likasi ilikuwa na watu wengi kuliko wakati wowote wa historia yake, na karibu kila mmoja wao alikuwa pale kwa kulazimishwa.

Baada ya hapo zilijaribiwa dawa kadhaa za kuifufua reli. Kampuni binafsi ya Sizarail, yenye mitaji ya Ubelgiji na Afrika Kusini, ilichukua reli mwaka 1995 na treni zikaanza kwenda kwa saa. Mwaka 1997 serikali mpya ya Laurent-Désiré Kabila ikaivunja. Benki ya Dunia nayo ikaja na mradi wake baadaye. Abiria aliendelea kupungua, na aliyebaki alihamia juu ya treni za mizigo. Novemba 2017 treni ya matangi ya mafuta ilianguka bondeni karibu na Lubudi, mbele ya Tenke kwenye njia hii hii ya Bukama, na zaidi ya watu 30 waliokuwa wamedandia wakafa. Machi 2022 treni ya mizigo kutoka Luena kwenda Tenke ilianguka karibu na pale pale, na wakafa watu wapatao 75. Taarifa zilisema treni ilikuwa ya mizigo na waliokufa walipanda bila ruhusa. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mtu wa Luena mwenye gunia la mahindi la kuuza hakuwa na treni nyingine ya kuingoja.

Kati ya Kambove na Likasi ni kama kilomita 25, umbali wa treni ya mjini kabisa. Dar es Salaam mwaka 2012 iliokota reli za zamani zilizolala, ikasafisha mabehewa, ikaanza kubeba abiria asubuhi na jioni, na watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri aliyeisukuma. Addis Ababa ilijenga treni yake nyepesi ya umeme kuanzia mwanzo na kuifungua 2015. Katanga kusini ina miji ya migodi iliyopangwa juu ya reli moja, na umeme wa reli uliofika mapema kuliko karibu popote barani. Bado mfanyakazi wa Kambove mwenye shughuli Likasi anapanda pikipiki au basi dogo na kumeza vumbi la malori ya shaba.

Malori hayo nayo sasa yanatafutiwa njia ya kupungua, kwa sababu shaba inachelewa. Mwishoni mwa 2023 mzigo wa majaribio kutoka Kolwezi ulifika Lobito kwa reli kwa siku 8, na kampuni ya Lobito Atlantic Railway imekabidhiwa upande wa Angola kwa miaka 30. Umeme nao umetafutwa. Mitambo ya Mwadingusha, iliyokuwa imekufa mmoja mmoja, ilikarabatiwa na mwaka 2021 ikarudi kutoa megawati 78. Gharama ilibebwa na wenye mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, ambao kwa malipo hayo walipata haki ya kutumia umeme wa gridi kuendeshea mgodi wao.